Meza, Ngoma, Kituo

Mkasi ulikuwa wa mama, fundo lilikuwa la mama, na mimi nilisimama nikijaribu kukumbuka kama nimekula tangu jana yake. Baba alikuwa upande wa pili wa meza ya chuma. Mama mdogo, dada wa mama, alikaa mlangoni juu ya bunda la karatasi, mkoba mapajani, akitungoja. Mazishi ya mama yalikuwa kesho yake asubuhi, na kadi za mazishi zilikuwa zimetukwama mikononi.

Baba alikuwa mpiga chapa wa mtindo wa zamani. Unaokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vidogo, unazipanga kwenye kibati, unazikaza ndani ya fremu, unapaka wino, unakanyaga pedali. Wateja walimwita Mzee Risasi, na wapo waliomwogopa kwa jina hilo kabla ya kumwona alivyo mpole. Herufi zetu zilitoka ng'ambo, zimegawiwa kwa hesabu ya Kiingereza: e tele, t tele, a za kubahatisha. Kiswahili kinakula a kama mchwa anavyokula mlango, kwa hiyo kazi ndefu ya Kiswahili ilikuwa ikitutoa jasho.

Kwa bahati kazi zetu nyingi zilikuwa za Kiingereza: fomu, vyeti, karatasi za ofisi. Ukipewa fomu ya shule lazima upange education, examination, registration, application, na kila mara vidole vinaokota herufi zilezile tano za mwisho mpaka unazichukia. Kabla mimi sijazaliwa, mama alimwonea baba huruma. Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko chumba cha nyuma. Alichukua zile herufi tano, akazifunga pamoja kwa uzi mwembamba sana, uliolala ndani ya mkato wa ubavuni mwa kila herufi, na kifungu kizima kikaingia kwenye mstari kama herufi moja. Baba akakijaribu. Kesho yake akaomba vingine kumi, kisha vya miisho mingine.

Kiingereza mama hakukijua. Baba alimpa neno moja kwa kila kifungu, naye akakibatiza kwa maana ya neno hilo. Able aliambiwa imo ndani ya table, basi ikawa Meza. Ance imo ndani ya dance, ikawa Ngoma. Ation ilitoka kwenye station, ikawa Kituo. Ukisikia baba akiita kutoka mbele, “Nipe Ngoma mbili na Meza moja,” ujue kuna mtu anachapisha mambo ya bima. Siku mama alipogundua kwamba Ngoma imo pia ndani ya ambulance, alicheka mpaka akaweka sindano chini. “Hawa watu,” alisema, “hata gari la wagonjwa wameliwekea ngoma.”

Gari hilo lilipokuja kumchukua mama nilisimama barabarani nyuma yake, milango ikifungwa, na nilichokiona ni Ngoma, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Sikuona kingine. Siku ya nne hospitali ikatuita. Muuguzi alizungumza nami taratibu, nami nikawa naangalia jinsi kalamu ilivyovuja kwenye mfuko wake. Nikasema asante. Nilisema asante mara tatu, kama mtu aliyepunguziwa bei. Niliwahi kusikia kwamba mtu akifiwa moyo hupasuka. Wangu ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, na nilitembea nao hivyohivyo.

Baba alitaka kadi ya Kiingereza. Ilikuwapo rafuni, imepangwa na kukazwa miaka mingi, inangoja jina na tarehe. Nusu ya marehemu wa mtaa wetu walizikwa kwa maneno yaleyale.

“Ndani ya saa moja tumemaliza,” alisema.

“Mama hakujua Kiingereza, baba.”

“Haisomi yeye.”

Hakulisema kwa ukali. Mama mdogo ndiye aliyeinua kichwa. “Nitaisoma mimi, shemeji. Na wenzake wa cherehani wataisoma. Dada yangu usimzike kwa maneno ya kuazima.” Akatoa mkobani karatasi ya daftari. Alikuwa ameandika maisha ya mama, mbele na nyuma, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu.

Tukaanza kupanga. Sikuwahi kufikiria jambo hili kabla ya siku hiyo, lakini kila alichofanya mama kilianza na a. Alizaliwa. Akasoma hadi darasa la nne. Akaolewa, akazaa, akashona, akauguza wakwe zake wote wawili, akaugua. Kufika mstari wa kumi na moja chumba cha a kikabaki kitupu, vidole vyangu vikikwangua mbao. Kazi nyingine tungeichapa nusunusu, lakini wino ulitaka usiku mzima kukauka, na mtambo wetu haukuweza kupokea karatasi ileile mara mbili bila kupinda mistari.

“A zipo,” nilisema.

Baba alijua zilipo. Kwenye droo ya chini kulikuwa na vifungu zaidi ya hamsini, Meza, Ngoma na Vituo, kila kimoja na a yake.

“Hizo haziguswi.”

“Tutazifunga tena.”

“Nani atazifunga?”

Miaka yote herufi ilipochakaa ndani ya kifungu, alifungua mama, akabadili, akafunga mama. Baba hakuwahi kujifunza na mimi sikuwahi kuuliza. Nilichukua sindano nikahangaika na Meza moja kwa dakika kumi nzima. Fundo lile halikuwa na mwanzo. Baba alinitazama, midomo imekaza, na hapo ndipo nikaelewa kwamba Kiingereza hakikuwa na maana yoyote kwake. Alitaka tu kadi ambayo isingegusa droo ile, kwa sababu mafundo yale ndiyo vitu vya mwisho ambavyo mkono wa mama ulikuwa bado umevishika.

Nilichukua mkasi. Ningependa kusema nilitetemeka. Nilikuwa nikihesabu: zilipungua a arobaini na tatu.

“Baba, ukiniambia nisikate, sikati.”

Alisoma karatasi ya mama mdogo upande wa mbele, akaigeuza, akasoma upande wa nyuma. Ilimchukua muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

“Kata,” alisema, akanipa mgongo.

Nikakata Meza. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu kukata kucha. Nilipofika kwenye Ngoma baba alirudi, akanyoosha mkono, nikampa mkasi. Zote za Ngoma alikata yeye. Nyuzi zilibaki mezani, za kila rangi, kwa kuwa mama alifungia mabaki ya nyuzi za nguo za wateja wake. Mama mdogo alizifagia kwa kiganja akazitia mkobani. Kabla ya magharibi kadi mia mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba.

Kesho yake zilisomwa, nikaona midomo ya washonaji ikifuata mistari. Yalimwagika machozi mengi makaburini na mimi sikutoa hata moja. Nilimsikia mama mmoja akinong'ona kwamba binti ana moyo wa jiwe. Sikumchukia. Niliona kasema kweli.

Jumatatu alikuja kijana na kazi ya kadi za harusi, kwa Kiswahili. Kadi ya mama ilikuwa bado imekazwa juu ya meza ya chuma, na a zetu karibu zote zilikuwa humo. Baba alimwambia kijana akae. Akalegeza fremu, akaanza kuzirudisha herufi kwenye vyumba vyake kuanzia mstari wa chini, akipanda, mpaka akafika kwenye jina. Jina la mama lina a tatu. Alizidondosha kashani moja moja, zikalia kama nyingine zote.

Nilishika kibati nikaanza kupanga. Mstari wa kwanza nilimaliza salama. Wa pili, mwishoni mwa neno, niliokota a nikaishika, na wazo likanijia kwamba huenda hii ilitoka kwenye jina lake na huenda haikutoka, na hakuna atakayejua tena. Kasha likanipotea machoni. Nililia kwa sauti mbaya, mbele ya mteja, wino puani.

“Dada,” kijana alisema, amesimama, “kama nimekuja wakati mbaya naweza kurudi kesho.”

“Kaa tu, mwanangu,” baba alimwambia. Akakitoa kibati mkononi mwangu, akavaa miwani, akakisogeza karibu na dirisha. “Nisomee,” aliniambia. “Ulikuwa umefika wapi?”

Nilijifuta kwa mkono wa gauni nikaitafuta karatasi ya kijana.

“Wanakualika,” nilisema. “Imebaki a ya mwisho.”

Akaiokota, akaiweka, akaningoja nisome neno linalofuata.