Ripoti Mbili za Kilima Kimoja

Ruwanthi Ekanayake alipoambiwa kwamba mkataba wake ungali mezani kwa Farzana Cassim, alifunga kompyuta yake na kushuka ngazi mwenyewe. Alikuwa mhadhiri wa jiolojia katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu za Sri Lanka, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa kupanda milima na mzito wa kusubiri. Bwana Abeykoon, mwenye mahoteli mawili bondeni, alitaka kujenga ukumbi wa harusi juu ya kilima kinachotazama mashamba ya chai. Alimtaka Ruwanthi akipime kilima hicho kabla ya mvua za Oktoba. Ruwanthi alikwisha kubali. Kilichobaki ni chuo.

Chuo kilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu aliyepata kazi ya nje aliweza kuifanya kivyake, siku zake za mapumziko, kwa jina lake, na likimpata la kumpata likawa lake peke yake. Au aliweza kuipitisha Ofisi ya Ushauri. Hapo chuo kilikata fungu lake, nacho kikampa maabara, bima, mwanasheria na jina la chuo. Walimu wengi waliliona lile fungu tu. Ruwanthi alikuwa mmoja wao, ila safari hii alihitaji mashine ya kutobolea udongo, na mashine ilikuwa ya chuo.

"Dada Farzana, mkataba wenyewe kurasa nne. Umeulalia?"

"Nimekesha nao," alijibu Farzana bila kuinua macho. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ile, mwanasheria aliyeacha mahakama kwa sababu, kama alivyosema, alichoka kuwakuta watu wakiwa wameshaharibikiwa. "Hiki kifungu cha tisa umekisoma?"

"Mimi nasoma mawe."

"Ndiyo maana nikawekwa mimi. Sikiliza. Utakachokiona kule ni mali ya Bwana Abeykoon. Hutamwambia mtu yeyote, milele, hata mumeo. Sasa ukikuta kilima kinataka kuwaangukia watu?"

"Nitamwambia yeye."

"Na yeye akinyamaza?"

Farzana aliongeza mstari mmoja kwa kalamu: kukiwa na hatari kwa uhai wa watu, chuo kitaijulisha ofisi ya wilaya.

"Atakataa, dada. Atamtafuta mwingine."

"Akikataa kwa ajili ya mstari huo, nitakununulia keki."

Abeykoon hakukataa. Alicheka, akatia sahihi akiwa amesimama. "Chuo chenu kinaandika kama mama mkwe," alimwambia Ruwanthi. "Kinaogopa kila kitu na kinataka kijue kila kitu."

Ruwanthi alipanda kilimani na wanafunzi wake wawili. Pale juu, Abeykoon alipotaka kujenga, mwamba ulikuwa karibu na mzuri. Mashine iliugonga mapema ikakataa kuendelea. Chini kidogo, kwenye bega la kilima, mambo yalibadilika. Mashine ilizama kwenye udongo laini kama kisu kwenye papai. Miti ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Katikati ya majani Ruwanthi aliingiza mguu mahali asipopaona, ukazama hadi gotini. Alipofyeka akaona ufa mrefu uliopinda kama mundu, ukiwa umelikata bega lote.

Alisimama akatazama chini. Moja kwa moja chini ya ufa zilikuwa zile nyumba ndefu za vyumba vilivyoshikamana wanamokaa wachuma chai. Nguo zilikuwa zimeanikwa. Mwanamke mmoja, Letchumi, alikuwa akiwafukuza kuku kwenye bustani ya maharage huku akiwatukana kwa Kitamil. Ruwanthi hakuhisi hofu wakati ule. Alihisi kitu kama aibu, kana kwamba amechungulia ndani ya nyumba ya mtu bila kupiga hodi.

Ripoti yake ilisema kwamba kiwanja kinafaa, lakini maji ya ukumbi na udongo wa kuchimbua vitalilemea bega. Hata ukumbi usipojengwa, watu wa chini wahamishwe kabla ya mvua.

Abeykoon aliisoma ofisini kwake, mbele ya Ruwanthi, mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa makelele.

"Dokta, nilikuuliza kuhusu ukumbi wangu. Hao wa chini nilikuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Basi waondoe kwenye karatasi yangu."

"Siwezi, bwana. Ufa upo."

"Nyufa zipo dunia nzima. Kwangu mimi nyumbani upo mmoja, na mke wangu analala chini yake." Aliisukuma ripoti kando. "Haya. Ahsante. Nitamtafuta anayejibu anachoulizwa."

Akampata, na hakwenda mbali. Baada ya wiki chache ofisi ya wilaya ilipokea maombi ya kibali cha ujenzi yakiwa na ripoti ya Profesa Hemapala Weerakkody. Profesa alikuwa idara moja na Ruwanthi, chumba cha tatu kutoka chake, naye ndiye aliyemfundisha. Kazi ile aliifanya kivyake, siku za Jumapili. Aliandika kwamba kiwanja kinafaa, iwapo mitaro itachimbwa vizuri. Kuhusu bega la kilima hakukuwa na neno.

Farzana naye alikwisha peleka taarifa wilayani, kama kifungu kilivyosema. Afisa wa wilaya akajikuta na ripoti mbili za kilima kimoja kutoka idara moja ya chuo kimoja. Alisimamisha kibali, akataka maelezo. Makamu mkuu wa chuo alimwita Farzana, kwa sababu Abeykoon alikuwa ameahidi kuwajengea wanafunzi bweni. Farzana alirudi baada ya muda mfupi. Ruwanthi alipomuuliza wamezungumza nini, alisema, "Nimemuuliza anataka bweni lipewe jina la nani kati ya watakaofukiwa." Zaidi ya hapo hakueleza.

Ruwanthi alienda kwa mwalimu wake mchana, wakati korido iko kimya. Hemapala alimmiminia chai ya rangi, akamsogezea kipande cha sukari guru aume huku akinywa, kama alivyofanya tangu Ruwanthi akiwa mwanafunzi.

"Umekuja kugombana, mwanangu. Kula kwanza."

"Mwalimu, ulishuka chini kwenye zile nyumba?"

"Sikutumwa huko."

"Ufa uliuona?"

"Nilipimishwa kiwanja. Nimepima kiwanja. Ripoti yangu ina kosa gani? Nionyeshe mstari mmoja."

"Haina kosa."

"Sasa?"

"Mwalimu, ungekuwa na mjukuu analala pale, Oktoba hii ungemwacha?"

Mzee alikuwa na jiwe mkononi, moja ya yale yaliyojaa mezani kwake. Aliligeuza, akaligeuza tena.

"Nimetia sahihi kwamba sitasema lolote nje ya kiwanja," alisema mwishowe. "Kwako haukuwepo mstari huo?"

"Ulikuwepo. Dada Farzana aliubadilisha."

"Mimi nilitia sahihi sebuleni kwake Abeykoon, tunakunywa juisi." Akaliweka jiwe chini. "Nilijiambia, wewe umeshasema, kwa hiyo si lazima niseme. Ndivyo nilivyojiambia, Ruwanthi."

Kesho yake walienda wote wawili. Mzee alipanda polepole, akipumzika kila penye kona. Alipofika kwenye ufa alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akakaa hivyo kwa muda. Kisha wakarudi barabarani. Pale alimwambia dereva asiende chuoni, aende ofisi ya wilaya. Huko alimweleza afisa kwa mdomo wake kwamba kuhusu watu wa chini, Dokta Ekanayake amesema kweli, na yeye alinyamaza.

Wilaya ilikataa kibali, na familia zikahamishiwa kwenye jengo la shule. Mvua zikaja, kubwa. Kilima hakikuanguka.

Watu walisema. Wachuma chai, waliokuwa wakilala kwenye sakafu ya darasa na kuamka mapema zaidi ili kufika shambani, ndio waliosema zaidi, na walikuwa na haki. Ruwanthi alikwenda shuleni mara kwa mara. Kila alipokwenda, Letchumi alimdaka mlangoni.

"Mama wa mawe! Kimeanguka?"

"Bado, mama."

"Bado! Kuku wangu wameibiwa wote, wewe unaniambia bado."

Abeykoon aliwashtaki wote wawili, Ruwanthi kwa kumharibia biashara na Hemapala kwa kuvunja mkataba. Kesi ya Ruwanthi haikufika mbali. Mwanasheria wa chuo alijibu mara moja, bima ikasimama nyuma yake, kifungu kikasomwa, na upande wa pili ukaiacha. Ruwanthi alikuwa darasani akifundisha siku iliyofutwa, akapata habari kwa simu.

Hemapala hakuwa na mtu nyuma yake. Ruwanthi alimwendea Farzana.

"Msaidie."

"Kama ofisi siwezi. Hakuwa wetu alipotia sahihi. Nikimkingia yeye leo, kesho kila mtu atafanya kivyake na kuja kwangu akiungua."

"Dada, ni mwalimu wangu."

"Najua ni nani." Farzana alivua miwani, akajifuta macho yaliyochoka. "Kama Farzana, jioni zangu ni zangu. Mwambie mkewe sili pilipili nyingi."

Akawa anakwenda kwao jioni. Alimtafutia wakili aliyesoma naye. Ruwanthi alisimama kama shahidi, akaeleza juu ya bega na ufa. Kesi ilivutana mpaka mzee akastaafu nayo mgongoni. Mwishowe Abeykoon, aliyekwisha pata kilima kingine cha ukumbi wake, alikubali kuiacha kwa sharti mzee arudishe malipo na kutamka mbele ya hakimu kwamba alikosea kusema. Mzee alitamka. Wakitoka nje, alimwambia Ruwanthi, "Nimekiri kosa ambalo kesho ningelirudia," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini mkono wake ulipapasa ukuta wakishuka ngazi, na Ruwanthi akaushika.

Mwaka uliofuata Farzana alipitisha jambo moja kwenye baraza la chuo. Yeyote anayefanya kazi ya nje kivyake angeweza kuleta mkataba wake usomwe kabla ya kutia sahihi, bila kukatwa chochote. Wengine barazani waliguna kwamba ofisi inajitafutia kazi. Ilikuwa kweli, baada ya hapo meza yake haikuonekana kwa makaratasi.

Familia za chini zilipewa viwanja ng'ambo ya mto, nyumba ndogo za matofali, kila moja na mlango wake. Ruwanthi na Hemapala walipita huko siku moja wakitoka kupima ufa, kazi ambayo chuo kiliendelea kuwalipia nauli. Ufa ulikuwa umepanuka kwa upana wa kidole. Letchumi alikuwa akipanda maharage. Aliwaona, akajishika kiuno.

"Kimeanguka?"

"Bado," walijibu pamoja.

"Basi mlitusumbua bure." Aliwatazama viatu vyao vilivyojaa tope, akamtazama mzee aliyekuwa akihema. "Na maji huku ni mbali, niwaambie kabisa. Ingieni. Vueni hayo mabuti, sakafu yangu ni mpya."