Kifaa Hakitoki Getini

Jumatatu asubuhi Gasto, mtaalamu wa baruti kutoka Moshi, alishusha mzigo wake kwenye shimo la zamani la mgodi, lile lililojaa maji upande wa Susuni. Pembeni alishusha kipimo, chuma kama chupa ya chai chenye waya mrefu, ajue kishindo kinasukuma kwa nguvu gani chini ya maji.

Felista alikuwa nje ya uzio, amekalia ndoo, kama kila siku ya mlipuko. Mumewe Machage aliingia humo mwaka jana kuokota mawe ya dhahabu. Mlinzi akampasua kichwa kwa rungu, naye akaanguka majini. Mgodi ulisema shimoni hakuna mtu. Felista akachimbisha kaburi nyuma ya nyumba, akalifunika kwa bati, akasubiri.

Baruti ikalia. Maji yakapanda, yakashuka na perege matumbo juu. Nyuma ya perege akatoka Machage, kichwa wazi vilevile, ameshika waya uliokatika.

"Chuma chenu kimekufa," alisema. "Mimi baruti imenivunja mbavu mbili za kushoto. Ningekaa kule kwenye ngazi za ukuta wa shimo, ingenitoa meno tu."

Gasto akampa pole, akamwomba arudie polepole. Hakuwa amewahi kupata kipimo kinachojieleza.

Felista akaita kutoka kwenye uzio. "Baba Esta, twende nyumbani. Kuku wameanza kutagia kaburini kwako."

Meneja wa mgodi, mtu mpole mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka inakata, alieleza kuwa haiwezekani. Machage akitoka, basi shimoni kulikuwa na mtu. Afadhali awe kifaa. Wakampaka rangi ya njano mgongoni na namba juu yake. Kifaa cha mgodi hakitoki getini, labda kiwe chakavu.

"Chakavu kinatoka?" Felista aliuliza.

"Kinatoka, mama."

Tangu hapo kila Jumatatu Machage huteremshwa kwa kamba pamoja na baruti. Felista humletea ugali wa mtama, naye hula kwa mkono uliobaki. Kishindo kikimng'oa kitu, Gasto hupima, mlinzi hukifunga kwenye mfuko wa rambo na kumpitishia Felista getini kama chakavu. Ni mlinzi yuleyule wa rungu. Humwamkia Felista shikamoo, naye huitikia tu, maana mikono yake ina mzigo, haiwezi kufanya kingine.

Miguu yote miwili Felista ameshailaza kaburini kwa upande wa kulia, kama mwanamume anavyolazwa, akafukia. Kuku wamehamia jikoni. Upande wa kichwa ameacha bati, kwa kuwa Gasto anasema kichwa ndicho kinachopima vizuri kuliko vyote.