Wimbo wa Chumbani

Aliyemponza Wafa ni muuza soksi. Wala hakuwa na kosa, maskini ya Mungu. Alisimama zake Mtaa wa Sikukuu, soksi zimemning'inia mabegani, anapiga mluzi huku akingoja wateja. Ghorofa ya pili, dirishani, Bi Mwanamize alikuwa anachambua mchele, na mkono wake ukaganda juu ya ungo. Ule wimbo aliujua. Ni wimbo wa kumsinga mwali, unaoimbwa chumbani bi harusi anaposuguliwa mwili kwa liwa na manukato, mlango umefungwa, wanawake peke yao. Mwanamume hausikii. Hata baba mzazi wa mwali hausikii. Siku hiyo anafukuzwa akanywe kahawa kwa jirani.

Na leo muuza soksi anaupiga mluzi barabarani, tena kwa madoido.

"Wewe kijana," Bi Mwanamize akaita kutoka juu, "huo wimbo umeutoa wapi?"

"Shikamoo mama. Upo kwenye simu, mama. Mtaa mzima tunao."

Bi Mwanamize aliacha mchele hapo hapo na kukaa kitako. Hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Sauti anayoiigiza yule kijana, kwa vile vituo na vile virembo, ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Sasa huyo Wafa ni nani? Ni binti wa kaka yake. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno yote, shangazi akamchukua akamlea, akamlisha, akamfunza na kuimba. Mchana Wafa anauza udi na manukato katika duka la baba yake. Jioni anapanda ngazi za stoo ya vitenge ya familia ya Dhruv, Mtaa wa Aggrey, na stoo hiyo ndiyo studio yao. Usicheke. Majora ya vitenge yamepangwa humo mpaka darini, kila upande, na hakuna honi wala spika ya mnada inayopenya. Wenye studio za mamilioni wangeona wangelia.

Humo wako watatu. Dhruv ana kompyuta na kinanda. Polycarp wa Ilala ana gitaa la umeme. Alianzia kwaya ya kanisani, lakini siku hizi analipiga kama wanagombana. Wafa anaimba. Ukiwauliza wanapiga muziki gani, kila mtu na lake. Polycarp atakwambia roki. Dhruv atakwambia ni makofi ya garba, ngoma aliyokulia nayo kwenye sherehe za hekaluni Kisutu, yaliyokimbizwa kwa mwendo wa singeli. Wafa atakwambia ni nyimbo za kwao tu, zimevaa viatu vipya. Walikuwa wamemaliza albamu yao ya kwanza, vibao vinane, hawana bosi wala meneja, na ukumbi mmoja wa Posta ulikuwa umewaita kwenye tamasha.

Uliwaita kwa sababu ya kibao cha nne. Hicho ndicho kilichokuwa roho ya albamu. Gitaa linakoroma, mdundo unakimbia, halafu ghafla vyote vinakaa kimya na sauti ya mwanamke mtu mzima inaingia, peke yake, mpaka nywele zinakusimama. Wafa aliirekodi kwa simu siku aliyosingwa binamu yake Turkiya. Alijiambia: mimi ni mwanamke, nilikuwemo chumbani kwa haki yangu, wimbo ni wa shangazi na ni wangu pia. Lakini simu aliilaza chini ya khanga. Mtu asiye na kosa hafichi simu chini ya khanga, na Wafa alilijua hilo siku ile ile. Halafu vidume viwili vikakaa na wimbo huo miezi, hedifoni masikioni, na Dhruv akarusha kionjo mtandaoni. Kilichofuata unakijua, muuza soksi ameshakuonyesha.

Jioni ile Wafa alirudi nyumbani. "Shikamoo shangazi."

Bi Mwanamize hakuitika. Nasema hakuitika. Tangu Wafa ajue kusema, shikamoo yake haijawahi kubaki hewani namna ile, na akajua kuna kosa kabla hajajua ni lipi. Kisha akalijua.

"Unajua watu wananiitia nini kwenye harusi zao?" shangazi akauliza taratibu. "Sauti? Sauti wanazo wengi. Wananiita kwa kuwa cha chumbani nakiacha chumbani. Mwali ananiambia mambo hajamwambia mama yake. Kesho nani atanifungulia mlango, Wafa?"

"Maneno hayasikiki vizuri, shangazi. Tumeyachanganya na..."

"Muuza soksi kayasikia."

Wafa alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kusema nisamehe, badala yake akabaki anavuta ncha ya mtandio wake kama mtoto. Shangazi akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hakuupigiza, na bora angeupigiza.

Kesho yake stooni Wafa alisema kibao cha nne kitoke. Dhruv akaruka juu.

"Kikitoka hicho tumekwisha. Posta wanataka hicho hicho. Na nani anaelewa maneno yake kwanza? Mimi mwenyewe nusu sielewi."

"Bibi yako Falguni anaimba kila asubuhi mbele ya madhabahu ya nyumbani kwenu," Wafa akasema. "Sauti nzuri, nimeisikia ngazini. Mbona hujaiweka kwenye albamu?"

"Ile ni ya Mungu wake," Dhruv akasema.

"Haya."

Polycarp akalegeza nyuzi za gitaa lake moja moja. Dhruv akavuta kompyuta, akakifuta kibao cha nne kwa mkono wake mwenyewe, na kile kionjo akakiondoa mtandaoni. Wafa akampigia Leticia wa ukumbini, mwanamke muungwana lakini hana longolongo. Leticia akamjibu kwamba nafasi waliipata kwa kibao kile. Kama wana kingine chenye uzito huo, wamsikilizishe kabla ya Ijumaa, la sivyo atampa mwingine, wasimchukie.

Basi mtu mwingine angekaa studio usiku na mchana kutafuta kibao kipya. Wafa alivaa baibui lake akaenda Gerezani. Akaenda Ilala. Akaenda Magomeni. Nyumba baada ya nyumba, kila mwanamke aliyekuwemo chumbani siku ile, alimkalia mbele akamwambia: ni mimi niliyerekodi, shangazi yangu hakujua, msimwache yeye kwa kosa langu. Mmoja alimfungia mlango usoni. Mmoja alimpa juisi ya ukwaju akamsema saa nzima, na Wafa akanywa na kusemwa vyote pamoja. Turkiya, mwali mwenyewe, alilia kwanza. Halafu akacheka, akataka kujua kama kweli wimbo wake umefika mpaka kwa wauza soksi. Kwa Turkiya ndipo Wafa alipoliweza lile neno nisamehe, na lilimtoka vizuri. Kwa shangazi bado. Ukimkosea aliyekulea ulimi unakuwa mzito, sijui kwa nini.

Alhamisi alasiri walikuwa stooni, wamejaribu vibao vitatu na vyote havina chumvi, waliposikia mtu anapanda ngazi anahema. Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanamize, baibui lake la kutokea, mkoba begani, wanja machoni.

"Shikamoo shangazi," wakasema wote watatu, Polycarp kwa sauti ya kwaya kabisa.

"Marahaba." Aliwaangalia wavulana mmoja mmoja. "Kwa hiyo ndio nyinyi. Turkiya kanisimulia milango yote mwenzenu aliyobisha. Nipeni kiti. Nataka kusikia hiyo albamu mliyonitia, yote sijaisikia."

Wakampa kiti, wakamvisha hedifoni juu ya mtandio, akasikiliza albamu yote bila kutikisa hata kidole. Dhruv alikuwa anatokwa jasho. Ilipokwisha akazivua.

"Huyu wa gitaa, linalia kama mtu anayeumwa jino. Lakini anaumwa kweli, hasingizii. Na wewe wa makofi, punguza mbio, nani anakufukuza?" Akaziweka hedifoni mapajani. "Hapa katikati pana shimo."

"Ndipo ulipokuwa," Wafa akasema.

"Najua nilipokuwa. Na siku ile nilikuwa na mafua juu yake. Unaniiba, basi ungeniiba siku nina sauti."

Wavulana wakainuka taratibu watoke nje, kwa heshima, wakidhani anataka kuimba. Bi Mwanamize akawazuia kwa mkono.

"Kaeni. Wa leo si wa chumbani. Huu ni wa hadharani, na mwenyewe yumo humu." Akamgeukia Dhruv. "Washa madude yako."

Hapo Wafa akaelewa, damu ikampanda usoni. Nani asiyejua mpasho? Watu wa pwani wakikosana hawapigani, wanaimbiana; jina halitajwi na kila mtu anajua ni nani. Bi Mwanamize akakohoa, akaweka mkono kifuani, na ile sauti ya vyumbani, ambayo wanaume hawakuwahi kupewa kuisikia kwa halali, ikajaa stoo ya vitenge:

"Nakulisha kwa mkono, waiba chungu jikoni,
Mlango sikuufunga, wapitia dirishani,
Ungeniomba mwanangu, ningekupa hadharani."

Polycarp alimfuata polepole kwa uzi mmoja. Dhruv akaingiza makofi, mwendo wa kutembea tu. Wafa alisimama mbele ya maikrofoni yake anacheka huku machozi yanamtoka, aibu imemjaa na furaha imemjaa, hajui aifute ipi. Shangazi akarudia mstari wa mwisho, akakata, akanyoosha kidole.

"Hapo unaitikia wewe."

"Niitikie nini, shangazi?"

"Ulichotakiwa kusema tangu mwanzo. Mimi nikufundishe na hilo?"

Makofi yakazunguka mara moja, yakazunguka tena. Dhruv hakuthubutu kusimamisha mashine. Bi Mwanamize akaimba tena, ungeniomba mwanangu, akamwachia nafasi, na safari hii Wafa akavuta pumzi, akaimba kwa sauti iliyopasuka katikati:

"Nakuomba, shangazi. Nakuomba."

"Haya," Bi Mwanamize akaimba, ndani ya mdundo ule ule, bila kukosa pigo. "Nimekupa."