Mshika Karatasi

Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi. Watu wakiniuliza nilifanya nini katika nyumba ile kubwa, nikiwajibu hivyo wanacheka, wanadhani nawaficha. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mzee alikuwa ameitawala nchi miaka thelathini na minne. Mkono wake wa kushoto ulilala tangu alipougua, na wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Akitia sahihi, karatasi ilimkimbia mezani kama kuku. Wakajaribu kuibana kwa jiwe zito, ikachanika. Mwisho wakaona itafutwe mikono miwili ya kuishika kwenye pembe.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mpishi pale, na ndiye aliyeniombea kazi ya kudeki. Siku moja Katibu, mwenye kutunza mafaili yote ya Mzee, akaniita. Akaninyooshea gazeti usoni, kichwa chini miguu juu.

"Hapa pameandikwa nini?"

Niliona kwamba amelipindua. Lakini mtu mzima, amevaa tai, nitaanzaje kumwambia ameshika gazeti juu chini? Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano. Sikumaliza."

"Safi kabisa," akasema, akalikunja gazeti. "Huyu ndiye."

Nilipomsimulia Shangazi, alicheka mpaka akaegemea jiko. "Mwanangu, haya zako zitakuja kukuua. Sasa kaa hivyohivyo. Humu ndani usisome hata pakiti ya chumvi."

Basi nikawa nasimama ng'ambo ya meza, vidole viwili pembe hii, viwili pembe ile, macho ukutani. Hiyo ilikuwa amri: macho ukutani. Miezi miwili nilitazama ukuta. Lakini kuna vitu huvioni kwa macho tu. Picha ya Mzee ilikuwa darasani kwetu, juu ya ubao, na mwalimu alitufundisha kuiamkia. Sasa mwenyewe alikuwa mbele yangu, ananukia dawa ya kuchua, anapumua kama aliyepanda ngazi. Kila sahihi ilimchukua muda wa kuosha sahani tatu. Nilikuwa nikisikia kalamu ikikwaruza, na mwili wangu wote unasisimka. Nilijiambia, nchi nzima inapita hapa, katikati ya vidole vyangu.

Kaka yangu alikuwa gerezani, miezi saba sasa. Tumechangia mama, si baba, kwa hiyo majina yetu hayafanani. Yeye ni mchora mabango ya maduka. Asubuhi moja watu walikuta ukuta wa soko umeandikwa kwa herufi nyekundu, zimenyooka kama zimepigwa rula: MZEE ASANTE, SASA PUMZIKA. Polisi hawakuuliza mara mbili nani kaandika. Shangazi alisema kosa lake ni mwandiko mzuri. Angeandika ovyo wangedhani ni mlevi. Mahakamani hakupelekwa. Kila Ijumaa mama alipeleka nguo safi kwenye geti la gereza, na kila Ijumaa alirudi na nguo zilezile. Hatukujua kama yu hai.

"Humu ndani huna kaka," Shangazi aliniambia. "Umesikia?"

Nilisikia.

Asubuhi ile Katibu aliweka faili mezani, simu ikaita chumba cha pili. "Endelea tu, Mzee," akasema akitoka. "Ni zile za kawaida."

Karatasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, sijui kwa nini, macho yangu yakateremka kutoka ukutani yenyewe. Kwangu maandishi yalikuwa yamepinduka, kama gazeti la Katibu. Juu paliandikwa kwamba waliotajwa hapa chini waendelee kuzuiliwa mwaka mmoja zaidi. Chini majina, na mbele ya kila jina, kazi na umri. Nikaona jina la kaka. Mchora mabango.

Karatasi ikaanza kutikisika.

"Shika vizuri, mjukuu wangu."

"Nimeshika, Mzee."

"Mbona inacheza?" Akaitazama kalamu yake. "Au ni mimi?"

Ningeweza kusema ni yeye. Alikuwa tayari kabisa kuamini.

"Si wewe, Mzee. Ni mimi."

"Una homa?"

"Sina." Sauti ikanitoka bila kuniuliza. "Kuna kaka yangu humu."

"Humu wapi?" Akainua pembe ya karatasi, kama kwamba mtu amejibanza chini yake. Kisha akaniangalia. "Kwani wewe unasoma?"

"Kidogo, Mzee. Polepole."

"Mimi siwezi tena," akasema, sauti ya chini. "Tangu mwaka juzi. Naona siafu tu wanatembea. Njoo upande huu unisomee."

Nikazunguka meza. Upande ule sikuwahi kufika. Nikaweka kidole chini ya jina la kwanza, nikaanza, silabi moja moja. Majina yalikuwa arobaini na moja. Sitayataja hapa, ni ya wenyewe. Mwalimu. Muuza maziwa, miaka kumi na tisa. Fundi viatu. Mkunga.

"Mkunga kafanya nini?"

"Haikuandikwa, Mzee."

"Na wa maziwa?"

"Haikuandikwa."

"Kesi zao lini?"

"Hakuna tarehe."

Nilipofika kwa kaka, akauliza tena alifanya nini. Nikasema haikuandikwa, lakini mimi najua. "Sema." Nikafumba macho nikamwambia yale maneno ya ukutani. Nilijua hapo ndipo mwisho wangu.

"Alisema asante?"

"Asante imetangulia, Mzee."

Akageuza uso dirishani. "Zimepita karatasi ngapi kama hii?"

"Sijui, Mzee. Nilikuwa natazama ukuta."

"Hata mimi," akasema.

Akaniambia nichukue karatasi nyeupe, niandike. Mimi! Mkono wangu ulikuwa mbaya kuliko wake. Akasema maneno, nami nikayaweka mstari kwa mstari: watu wote arobaini na mmoja waachiwe leo, kwa kuwa asiye na kesi hana jela, na mimi naondoka madarakani leo, anifuate yule ambaye watu watamchagua wenyewe. "Madarakani" lilinishinda. Akanitamkia taratibu, kama mwalimu wangu wa la pili, mpaka likakaa.

Nikanyoosha vidole kushika pembe.

"Achia."

Akainama, akaibana karatasi kwa kiwiko, akatia sahihi. Ilipanda, ikashuka, ikaenda mpaka ukingoni. Jasho lilimtiririka. Nimeona watu wakibeba magunia na wakivunja mawe, lakini sijaona kazi nzito kama ile. Nilisahau hata kuogopa.

Katibu akaingia, akaisoma karatasi. "Mzee, huu ni mwandiko wa mtoto. Hautakubalika popote."

"Sahihi ya nani?"

"Yako, Mzee. Lakini nchi itakuwaje?"

"Ilikuwepo kabla sijajua kutambaa. Piga simu gerezani. Hapahapa, weka sauti ya nje, nisikie."

Katibu akapiga. "Mkuu, kuna orodha ya..."

"Usiseme orodha," Mzee akamkata. "Taja."

Ikawa kama kuitwa majina shuleni. Katibu anataja, upande wa pili kurasa zinafunuliwa, mtu anajibu. Mwalimu. "Yupo." Muuza maziwa. "Yupo." Fundi viatu. Kurasa zikafunuliwa sana.

"Huyo hayupo. Alifariki mwezi wa tatu."

"Rudia jina lake," Mzee akasema. Katibu akarudia. Mzee naye akalitamka, polepole, kama mimi ninavyosoma.

Wakaendelea. Mkunga, yupo. Kisha nikasikia jina la kaka likitoka katika kinywa cha Katibu. Kurasa. Nilihesabu pumzi zangu: moja, mbili, tatu, nne.

"Mchora mabango? Yupo. Anatembea kwa shida, lakini yupo."

Nikakaa palepale sakafuni, mbele ya mkuu wa nchi. Katibu alinikazia macho niinuke. Mzee alimwonyesha kwa kichwa aniache, aendelee. Majina kumi na matatu yalikuwa bado.