Vidonge vya Mgongo

Wifi yake Mama Pacha alikuwa amejichoma kidole kwa sindano ya cherehani tangu asubuhi, na mpaka saa sita kidole kilikuwa bado kinachuruzika damu. Kola ya pili ya sare za shule ilikwishaharibika.

"Leo unashona au unachinja?" Mama Pacha alimtania kutoka kwenye cherehani yake.

"Shona zako huko," wifi alisema, akipandisha mkono wa gauni ili ajifunge kitambaa kidoleni.

Kwenye mkono kulikuwa na madoa meusi ya damu iliyovilia chini ya ngozi, moja kubwa kama kisahani.

"Umejigonga wapi?"

"Sijajigonga. Yametokea tu. Na choo nacho tangu jana cheusi kama lami."

Mama Pacha aliacha kukanyaga cherehani. Wifi alikuwa na mwaka mzima anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, tangu mguu ulipomvimba. Na tangu Jumatatu, bega lilipomuuma, Mama Pacha alikuwa akimpa vidonge vyake mwenyewe vya mgongo, asubuhi na jioni. Wifi, ambaye kwa miaka sita hakuwa akila hata chakula alichopika Mama Pacha bila kufunua sufuria kwanza akikague, alivimeza bila kuuliza.

"Vaa viatu. Twende hospitali."

"Na sare za watu?"

"Watavaa za zamani."

Daktari alipima presha, akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia zaidi ya ile ya damu.

"Hamna, ni hiyo tu," wifi alijibu. Kwake yeye, kidonge cha maumivu hakikuwa dawa.

Mama Pacha alitazama sakafu. Angenyamaza, nani angejua? Akafungua pochi, akaweka pakiti mezani.

"Amekula hizi. Nimempa mimi."

Daktari aliisoma, akaiweka kando. "Umefanya vizuri kusema. Hii na ile ya damu zikikutana, tumbo linaweza kuvuja ndani kwa ndani. Tutamlaza leo, tumpime damu. Hivi asimeze tena, na ile nyingine mtaniachia mimi niamue."

Mama Pacha alirudi nyuma hadi mlangoni, akingoja lolote litakalokuja.

"Si mimi mwenyewe niliyekuwa nakuomba hivyo vidonge?" wifi alimwambia. Akavua saa yake, akamwekea kiganjani. "Nishikie. Na usikae huko mlangoni kama mgeni."