Mashine Ilipopoa

Mahir ni mtu aliyepewa na Mungu mikono miwili, na yote akaitumia kushika vya watu. Chaja yako, baiskeli yako, sahani yako ya wali, atavishika tu, kisha akwambie amekusaidia. Sumeiya alikuwa akiishi nyumba moja naye na mkewe, Nana, pale Mambrui tangu aolewe na ndugu wa Mahir, Amin, ambaye kazi yake iko Lamu na huonekana mwisho wa mwezi. Kukaa na shemeji wa namna hiyo ni mtihani, na Sumeiya alikuwa amechoka naye kufa.

Kazi ya Sumeiya ilikuwa kupiga video za harusi, lakini si harusi za kila mtu. Ni zile za kupamba, wanawake peke yao, milango imefungwa na mabuibui yametundikwa ukutani, ambako hata mtoto wa kiume aliyekwishapata akili haingii. Walimwita yeye kwa sababu moja: kilichoingia kwenye kompyuta yake hakikuonwa na mwanamume. Bi Mwanaisha, alipomwoza binti yake, alimshika mkono akamwambia, "Haya ni mambo ya ndani, mwanangu. Yasitoke mlangoni kwako." Sumeiya akamwapia.

Basi ile kompyuta ikaanza nuksi. Joto la Kaskazi, chumba cha mabati, na mashine yenyewe ya mtumba. Kila akianza kuiunganisha video ya Bi Mwanaisha, feni ya ndani inalia, joto la prosesa linapanda mpaka linakaribia nyuzi mia, halafu kimya, kioo cheusi. Anaanza upya, inazima upya. Akafungua ubavu wa kasha akatoa vumbi kwa brashi. Lilikuwa limegandana na moshi wa udi, zito kama masizi ya sufuria. Akaielekezea feni ya mezani. Ikatulia kidogo, ikazima tena. Mwishowe akajua kasoro iko wapi: ile dawa ya kijivu inayopakwa baina ya prosesa na chuma cha kuipoza ilikuwa imekauka, imekuwa unga.

Mambrui dawa hiyo hakuipata. Mahir alikuwa akienda Malindi, Sumeiya akamwagiza, tena kwa maneno ambayo hata kuku angeyafahamu. "Niletee dawa tu, kijibomba kidogo. Kuipaka nitaipaka mwenyewe."

"Wewe?" Mahir akacheka. "Kompyuta si maandazi, shemeji."

"Dawa tu, Mahir."

Kabla Mahir hajaondoka kukawa na msiba kwa jirani, Sumeiya akaenda kukaa na wafiwa. Aliporudi, meza ilikuwa tupu na nyaya zinaning'inia. Akapiga simu, Mahir hashiki. Akapiga tena na tena. Akakaa kwenye kiti na buibui lake mwilini, akimlaani mtu yule kimoyomoyo, na wala hakumwomba Mungu msamaha.

Mahir akarudi magharibi, kasha begani, meno yote nje.

"Nimekuondolea taabu. Fundi ameisafisha, ameipaka dawa, sasa baridi kabisa."

"Nani alikwambia uitoe nyumbani?"

"Mbona hasira badala ya shukrani? Kitu kimetengenezwa, hakizimi tena. Fundi mwenyewe alitaka uhakika. Alisema tuipe kazi nzito tuone kama joto litapanda, tukaichezesha video saa nzima. Wala haikupanda."

Sumeiya akauliza, "Video gani?"

"Si iliyokuwamo? Ile kubwa."

Neno la siri Mahir alilijua, kwani ndiye aliyeliweka siku kompyuta iliponunuliwa, na Sumeiya hakulibadilisha. Hilo nalo lilimuuma.

"Nani walikuwapo?"

"Fundi, na vijana waliokuja kutengeneza simu. Na wapita njia, pale pako wazi. Mimi sijui, niliwaacha nikaenda kunywa kahawa. Harusi tu, shemeji. Kwani watu hawajapata kuona harusi?"

Sumeiya akamtazama. Hakupaza sauti, kila neno alilitaka limchome. "Mkeo alikuwamo. Nana, kichwa wazi, nywele amezimwaga mgongoni, gauni halina mikono. Alicheza mbele ya kamera mpaka akahema. Hiyo ndiyo video kubwa."

Kicheko kikamfutika Mahir usoni. "Unasema uongo."

"Yuko jikoni. Kamuulize."

Hakwenda. Akakaa kitandani kwa Sumeiya, kwenye kitanda cha watu, na leo Sumeiya hakumwinua. "Wameona kiasi gani?" akauliza.

"Si umesema saa nzima? Ingalibaki mbovu ingalizima kabla ngoma haijaanza. Joto lile lilikuwa likitusitiri, Mahir. Wewe ukalitibu."

Mahir akampigia fundi. Sumeiya hakungoja kusikia. Alijua Mahir sasa angenyamaza hata akitishwa kwa kisu. Sumeiya naye angaliweza kunyamaza, lakini vijana wa pale kwa fundi wasingenyamaza, na aliyeapa ni yeye. Akatoka.

Bi Mwanaisha alikuwa barazani kwake, akaona buibui likija, akatabasamu.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Sumeiya akamweleza amesimama, yote, bila kumficha Mahir wala kujificha mwenyewe. Bi Mwanaisha akauliza swali moja, kama binti yake alionekana. Sumeiya akajibu kwamba alionekana. Mama yule hakumtukana, na Sumeiya angalipenda atukanwe.

Kisha Bi Mwanaisha akachukua simu yake, akampigia mama wa bi harusi wa Ijumaa inayokuja, na Sumeiya akiwa angali amesimama pale mbele yake, akamwambia atafute mpiga video mwengine.