Bahari ya Papa Clovis

“Bahari! Kila siku bahari! Papa Clovis, uliiona wapi weye? Hata Kinshasa haujafika!”

Mama Madina alisimama mlangoni, mikono kiunoni, maji ya mvua yakimlamba visigino. Mfereji uliopita mbele ya nyumba zao ulikuwa umeziba chini ya barabara, na maji yote yaligeukia uani kwake. Siku yenyewe ndiyo hiyo wazee wa upande wa bwana harusi, kutoka mtaa wa Kapalata, wanakuja kumposa binti yake Aïcha.

“Mama, miye nilifanya seminere ya bahari siku tatu,” Clovis alijibu kutoka barazani kwake. “Sashe ya plastiki ikianguka humu inaingia mto Tshopo, inaingia mto Kongo, inafika baharini, kobe anaimeza. Watu hawajui.”

“Na weye mwenye kujua, asubuhi mvua ilipoanza ulimwaga nini humu? Beseni mbili! Nilikuona. Jirani Solange naye alikuona, na Solange akiona, Kisangani nzima imeona.”

Ndivyo ilivyo avenyu nzima: unalimbikiza takataka, unangojea mvua, unazikabidhi kwa maji, unajiita msafi. Lakini wengine hawakutundika cheti cha seminere ya bahari sebuleni kama Clovis, juu ya picha ya ndoa.

Clovis akashuka barazani. Akavua viatu, akaingia mferejini. Madina akamrushia mti mrefu.

“Sukuma! Wazee wako njiani!”

Alisukuma mara moja. Fungu la uchafu likatikisika. Msukumo mmoja zaidi na yote yangepita. Akasimama.

“Nini tena?”

“Nikisukuma, itaenda.”

“Si tunataka iende?”

“Itaenda kule, mama.”

Akatupa mti, akainama, akaanza kuvuta kwa mikono: sashe, chupa, makopo yake mwenyewe ya nyanya. Madina alimtukana bila kupumua: profesa wa tope, mwanaume anayehurumia kobe kuliko bibi harusi! Lakini maji yalikuwa yakishuka, rundo likipanda kando ya barabara, na hakuna sashe hata moja aliyoiachia kupita. Madina akaenda kumletea gunia.

“Si kwa ajili ya kobe,” alimwambia. “Ni harufu.”

Wazee walipofika, ua ulikuwa tope tupu lakini maji yalikuwa yameondoka. Mmoja akamtazama Clovis, mweusi wa matope mpaka kifuani.

“Huyu nani?”

“Jirani,” alisema Madina, akisonya. “Kichwa hakimutoshi.” Kisha akamgeukia Clovis. “Unangojea nini? Enda kuoga kule nyuma, sabuni iko. Kisha ingia ukule na wazee. Lituma ya ndizi inapoa.”